Aliyeniitikia Upande wa Wanawake

Haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinifika mimi mwenyewe, hapa hapa Pemba, na ukiona nakudanganya kamuulize shemeji yangu Riziki, ambaye tangu siku ile hataki hata kupita karibu na kompyuta zangu. Wala halikuwa jambo la usiku. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, jua kali, watu wanakula halua na kunywa kahawa.

Kazi yangu ilikuwa sauti na picha za shughuli: harusi, maulidi, mashindano ya kusoma Kurani. Kwetu wanaume hukaa kwao na wanawake kwao, kwa hiyo nilikuwa nikifunga kompyuta zaidi ya moja na viwambo vya kuonyeshea picha, ili watu wote waone na wasikie jambo moja kwa wakati mmoja. Ukisikia hivyo utadhani ni rahisi. Kila kompyuta ina saa yake, na hakuna mbili zinazokwenda sawa. Ikipotea sekunde moja tu, mdomo unafunguka na neno halijafika. Mwezi mmoja kabla ya haya, kwenye maulidi kule Shumba, shehe alikuwa ameshakaa chini anafuta jasho, na kwenye kiwambo cha wanawake bado anasoma. Watoto walicheka, na wakubwa wakashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo hakuna aliyenipigia simu kunipa kazi. Na mke wangu ndiyo kwanza amejifungua. Niamini, nilikuwa nimefika pabaya.

Ndipo Mzee Hamad wa Ole akanipa harusi ya binti wa kaka yake. Huyo kaka yuko Maskati, amelazwa, hawezi kuinua kichwa. Alikwisha kumfanya Mzee Hamad wakili wake, amwozeshee binti. Alichotaka ni kimoja tu: auone uso wa mwanawe pale bwana harusi atakaposema amekubali.

"Ndugu yangu hana siku nyingi," Mzee Hamad aliniambia. "Na jambo hili halirudiwi. Ukiona huliwezi, nambie sasa."

Nikamwambia naliweza.

Wanaume walikaa chini ya turubai kando ya msikiti, wanawake kwenye ukumbi wa skuli ng'ambo ya barabara. Kompyuta moja ilikuwa mbele yangu, inachukua sauti na picha ya kadhi na kuzipeleka kwenye kiwambo cha wanawake. Ya pili ilikuwa ukumbini kwa Riziki, mdogo wake mke wangu, pamoja na kamera inayomtazama bi harusi. Ya tatu, pembeni yangu, ikiunganisha sauti ya huku na picha ya kule na kupeleka Maskati. Picha yenyewe niliifunika, maana wanawake wale si wangu kuwatazama. Nilibakiwa na namba tu, za kunionyesha nani anachelewa na kwa kiasi gani. Mimi na Riziki tulizungumza kwa simu za upepo, zile za kubonyeza ndipo useme. Mimi napiga kofi mbele ya kamera yangu, yeye ananiambia amelisikia kwanza au ameliona kwanza, nami navuta sauti nyuma au mbele.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka watu walipojaa. Kila mmoja akatoa simu yake, mtandao ukalemewa. Namba zikaanza kuachana. Sekunde mbili, tatu, tano. Nikasikia, "Shemeji, huku bado..." kisha kimya. Nikamwita Riziki. Kimya. Nikampigia simu ya kawaida, haikupokelewa. Ningefanya nini? Nivuke barabara niingie kwenye ukumbi wa wanawake? Na kule mbele kadhi alikuwa ameshakaa.

Ujumbe ukaingia kutoka Maskati, wa kijana anayemuuguza yule mzee: "Sauti haiendani na picha. Baba anauliza kama hii ni ya jana."

Na hapa ndipo nilipokosea, nakwambia bila kuficha. Badala ya kumuomba Mola wangu, niliisogeza simu ya upepo mdomoni nikasema, "Yeyote aliye hapo, nisaidie. Chochote atakacho nitampa."

"Nipo."

Sauti ya mwanamke, ya taratibu, kavu kidogo. Nikadhani ni Riziki amekaukiwa na koo.

"Piga kofi," akasema.

Nikapiga.

"Rudisha nyuma. Kidogo tena. Piga."

Nikapiga.

"Bado unywele. Piga."

Nikainua mikono, na kabla viganja havijakutana akasema, "Nimeliona."

Nikatazama namba. Zote tatu zilikuwa sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Miaka yote ya kazi hii sijapata kuona hivyo. Ungekuwa wewe, ungeacha?

Kadhi akaanza hotuba ya ndoa. Sauti ile ikawa inapumua sikioni mwangu.

"Umesema chochote."

"Nimesema, dada."

"Mie sitaki kikubwa. Nikikwita, weye uitike."

Nikaona ni jambo dogo. Nikamwambia nitaitika. Akaniita pale pale, kwa jina alilokuwa akiniitia marehemu mama yangu nilipokuwa mtoto. Jina hilo hata mke wangu halijui, na hapa silitaji.

"Naam," nikasema.

Wakati huohuo bwana harusi akasema amekubali, na vigelegele vikapasuka ng'ambo ya barabara bila hata pumzi moja kupita katikati. Kutoka Maskati wakaandika kwamba mzee amemuona mwanawe, amelia, ameshukuru.

Watu walipotawanyika nilikwenda nyuma ya ukumbi. Nilimkuta Riziki kwenye ngazi, ameshika simu ya upepo, analia.

"Nisamehe, shemeji. Imezima kabla kadhi hajakaa. Nikatoka kukutafuta, wanaume wamejaa njiani, nikaona haya kupita. Niliporudi nikamkuta yule bibi uliyemtuma."

"Bibi gani?"

"Wa kanga kuukuu. Kakaa penye kompyuta, kasema umemleta wewe."

"Alizungumza na mimi kwa kitu gani, Riziki? Simu unayo wewe."

Akanitazama. "Hakuwa na kitu mkononi. Aliinama tu, kaweka mdomo kwenye kompyuta, ananong'ona."

Tukauliza. Upande wa bi harusi walidhani ni mgeni wa bwana harusi, na upande wa bwana harusi walidhani ni wa bi harusi. Hakuna aliyemuona akitoka.

Mara ya kwanza kuniita baada ya harusi ilikuwa wiki ya pili, nikiwa Mkoani nafunga spika. Sauti ilitoka ndani ya spika ambayo bado haina waya. Nikaitika, kwa sababu niliahidi. Nilipopata fahamu maji ya bahari yalikuwa kifuani, na watu wanapiga kelele kutoka ufukweni. Mara ya pili nilikuwa nyumbani. Nikaitika tena. Mke wangu alinikuta nimesimama ukingoni mwa kisima, mtoto mikononi.

Shehe mmoja amenisomea mara nyingi. Amenambia ahadi ile haina wa kuifuta, dawa yake ni kutoitika. Kazi nimeiacha. Nyumbani kwetu sasa hatuitani. Mke wangu akinitaka huja mpaka mbele yangu, nimuone, anishike bega, ndipo aseme.

Lakini mtoto ana miaka miwili, utamwelezaje? Yuko chumba cha pili anaita, "Baba." Nami nakaa nimeuma meno, nasubiri atokeze mlangoni. Mara nyingine hutokeza. Mara nyingine anaita, anaita, mpaka ananyamaza, na nikienda namkuta amelala, na mama yake ananiambia amelala tangu adhuhuri.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukibanwa na jambo usiseme yeyote, wala usiseme chochote. Mtaje unayemuomba. Na ukiitwa na usiyemuona, nyamaza, hata kama sauti unaijua. Hasa kama unaijua.