Mstari Nyuma ya Baba

Nikisikia watu wanabishana wajumbe wa kamati ya shule wakae madarakani muda gani, huwa mkali. Vipindi viwili, basi. Mtu ashukuriwe, apigiwe makofi, aende kwake akiwa bado anaelewa makofi hayo ni ya nini. Wengine huniambia sina adabu kwa wazee. Hao hawakumwona baba yangu siku ile.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya msingi hapa kisiwani Juani tangu mimi nikiwa mwanafunzi hadi mwanangu alipoanza darasa la kwanza. Hata mama alimwita hivyo: "Mwenyekiti, chai inapoa." Ni yeye aliyewasimamia wazazi kubeba saruji kichwani kutoka kwenye boti, maji yakiwa yamekupwa. Na walipotaka kuchukua mawe ya magofu ya mji wa kale wa Kua wajengee msingi, aliwakatalia katakata, wakahangaika kutafuta mawe kwingine. Heshima aliyopewa alistahili. Ila sisi hatukujua pa kuishia.

Shuleni kwetu mwenyekiti huchaguliwa kwa mstari. Wagombea wanasimama mbele ya darasa wakiutazama ubao, na wazazi wanajipanga nyuma ya wanayemtaka. Kila muda wa kamati ulipoisha, mstari ulikwenda kwa baba. Nani angethubutu kumwacha mzee amesimama peke yake mbele ya watu?

Halafu akaanza kusahau. Gata lililokuwa likipeleka maji ya mvua kwenye tangi la shule lilianguka, na kila kikao lilipotajwa, baba alisema, "Hilo tulishalimaliza." Kweli alishalitengeneza, zamani, kwa mikono yake mwenyewe. Wajumbe wakatazamana, wakahamia ajenda nyingine. Masika ikapita, maji yote yakamwagika mchangani, na watoto wakaendelea kubeba madumu kutoka kisimani kabla ya kengele. Mwanangu alikuwa akirudi nyumbani analalamika shingo inamuuma.

Nilijaribu kumwambia. "Baba, pumzika sasa."

Akacheka. "Wakinichoka si wataniambia, mwanangu?"

Niliingia jikoni nikalia, maana nilijua hawatamwambia.

Siku ya uchaguzi alijitokeza kugombea naye mama mmoja msuka mikeka. Kwanza alimwendea baba, akainama. "Shikamoo, mwenyekiti." Baba akamwitikia marahaba, akamtania kwamba leo wanagombea kiti kimoja kama watoto. Wakageukia ubao. Mwalimu mkuu akatuambia tujipange, na hakuna aliyenyanyua mguu. Wazazi wote walikuwa wananitazama mimi, binti yake.

Nilikwenda kusimama nyuma ya yule mama. Roho iliniuma mno, lakini nilikwenda. Wengine wakanifuata, kwanza mmoja mmoja kwa kusitasita, kisha wote waliobaki. Nyuma ya baba palikuwa na sakafu tupu.

Mama yangu alikuwa amekaa barazani. Hakuwa na mtoto shuleni hapo. Alikuja tu kumshika baba mkono njiani. Alichungulia mlangoni, akaona. Akaingia, akajitanda kanga yake vizuri, akaenda kusimama nyuma ya mumewe.

"Mama, samahani," mwalimu mkuu akamnong'oneza kwa upole. "Wewe si mpiga kura."

"Najua, mwalimu," naye akanong'ona. "Usinihesabu."

Mwalimu akatangaza mshindi kwa sauti ya chini. Baba alipogeuka, mistari ilikuwa imeshavunjika na watu wanamfuata kumpa mkono. Aliwashukuru mmoja mmoja, kama alivyowashukuru miaka yote. Yule mama msuka mikeka alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Tulirudi nyumbani taratibu, baba katikati yetu.

"Wamenipa tena?" akauliza.

"Wamekupumzisha," mama akamjibu. Safari hii hakumwita mwenyekiti.

Tukapita kisimani. Nilidhani ameshasahau. Kisha akautafuta mkono wangu, akaukamata.

"Pale ubaoni nilisikia kandambili zinakuja nyuma yangu," akasema. "Nikajua ni wewe. Nikasema, basi, hata wote wakiniacha, mwanangu yupo."

Mama alinitazama, kandambili zake zikiburuza mchanga.

"Nipo, baba," nikajibu.