Dzombo Mgonga Mwamba

Mwaka wa sitini na nne, mawe ya skuli mpya yalitoka timboni kwetu, na asubuhi hakuna aliyeinua sululu kabla ya Dzombo kusema, "Ingieni."

Dzombo alizaliwa Kikoneni, akachunga mbuzi, skuli hakuiona. Mimi nilifika kidato cha pili kabla madaftari hayajanichosha. Lakini mimi nilipasua mawe na kuyabeba, yeye alitembea na mtaimbo wake kando ya ukuta wa mwamba, akigonga na kusikiliza. Jiwe zima hulia, ngi! Lililolegea huguna, du. Likiguna, hulisukua kwa ncha ya mtaimbo likaanguka kabla watu hawajakaa chini yake. Basi. Kazi ndiyo hiyo, na bakuli la kwanza la uji lilikuwa lake.

"Dada Biasha, na mimi je?" nilimwuliza mpishi.

"Pasua jiwe kwanza, mwanafunzi."

Kijicho kilinila. Kugonga ukuta kwa chuma, nani asiyeweza?

Jumatatu moja Dzombo alikwenda kwao kwenye hitima ya shangazi yake. Nikamfuata nyapara. "Bwana Chome, nipe mtaimbo. Masikio ninayo mawili kama yeye."

Akanipa. Nikaugonga ukuta wote, ngi, ngi, nikatoa sauti nzito: "Ingieni!"

Saa nne, watu wakinywa uji, jiwe kubwa kama kitanda likaporomoka pale mwenzetu Mwinga alipokuwa akipasua mawe kabla ya uji. Sululu yake ilizikwa. Mwenyewe alikuwa kando na bakuli lake. Alikaa tu, uji ukimmwagikia mapajani.

Dzombo aliporudi nikajitetea mapema. "Shikamoo, Mzee. Wallahi lile jiwe nililigonga, likalia."

"Marahaba. Jiwe kubwa hulia hata likiwa limekatika nyuma. Mkono wako wa kushoto ulikuwa wapi?"

"Kiunoni."

Timbo zima likacheka, Biasha kuwashinda wote. Dzombo hakucheka. Alikibandika kiganja changu kwenye jiwe jingine la ukutani, akagonga kando yake. Masikioni lililia vizuri. Kiganjani lilitetemeka kama mbuzi aliyekamatwa.

"Hilo ndilo bovu," akasema, akaliangusha.

Mtaimbo ukabaki kwake. Tangu siku ile Mwinga aliuliza kila asubuhi, kwa sauti, makusudi nisikie: "Mzee, leo umegonga wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Ndipo alipoingia. Nami nilifuata nyuma na sululu yangu, kijicho kimenijaa mpaka kooni.