Ziwa Lililofungwa Hadi Juni

Harufu ya matope yaliyoanza kupata jua baada ya baridi ndefu hunirudisha moja kwa moja kwenye ziwa la bustani, si mbali na kwetu Aston, Birmingham, huku Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Kisumu kumsaidia mama, aliyekuwa mjamzito. Alikuwa ameuza samaki maisha yake yote, na samaki wa Birmingham walimkata maini. Waliuzwa bila vichwa, wamegandishwa, wagumu kama matofali. Jioni moja alisukuma sahani na kutangaza kwamba anarudi kwake. Mama alilia jikoni. Mimi nilinuna, maana tulilala kitanda kimoja na sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya kitoweo.

Baba akanunua mshipi na ndoana, akatupeleka ziwani Jumapili moja ya Aprili baada ya kanisa. Maji yalikuwa yameanza kupata vuguvugu, na kwenye matete ya ukingoni samaki wapana wa rangi ya shaba walijigaragaza hadi migongo ikaonekana. Nyanya hakungoja mshipi. Alivua viatu, akapandisha leso, akaingia maji ya magoti na kumnyanyua mmoja kwa mikono mitupu. Watu waliokuwa wakilisha mabata wakaacha. Hapo ndipo baba alipouona ubao wa sheria.

"Mama, mrudishe," alisema. "Hapa hawavui mpaka katikati ya Juni."

Nyanya alimbonyeza samaki kidogo, mayai yakamchuruzika vidoleni. Akamshusha majini taratibu.

"Kumbe ana mimba," alisema. "Basi waliotunga sheria hii wana akili. Nitawangoja samaki hawa mpaka Juni."

Neno hilo lilituokoa. Mdogo wangu alizaliwa Mei, na nyanya ndiye aliyemwogesha na kumbeba mgongoni. Juni ilipofika, baba alivua samaki mmoja mnene. Mzee Mwingereza aliyeketi jirani yetu akatueleza kwa upole kwamba ubao unaruhusu kuchukua mmoja, ila desturi ya huku ni kumrudisha. Nilimtafsiria nyanya.

"Mwambie nilishamrudisha mara moja," alisema, akamtia kapuni.

Alimpika kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu. Samaki alinuka matope na alijaa miiba. Nyanya alimla hadi kichwa, akalamba vidole, akasema ni mbaya kabisa. Lakini habari za kurudi Kisumu hakuzigusa tena mpaka mdogo wangu alipoanza kutembea.

Siku hizi maziwa mengi ya huku hayafungwi tena majira ya kuchipua. Wajukuu wangu huvua Aprili na kuniona mkaidi ninapokataa kushika mshipi kabla ya Juni. Wacha wanione hivyo. Ziwa lile lingekuwa wazi Aprili ile, nyanya yangu angekula samaki wake wa matope na kupanda ndege wiki iliyofuata.