Uso wa Askari wa Stefano

Enzi zetu mwanasesere hakununuliwa. Alifuatwa bondeni, akakandwa, akaanikwa kivulini, na akipasuka ulilia kidogo kisha ukarudi bondeni kuchimba udongo mwingine. Wenzangu wa rika langu mliokulia Murusagamba, Kibimba na vijiji vile vya mpakani mnanielewa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia habari hizi wanakutazama kwa huruma, kisha wanarudi kwenye simu zao.

Desemba hii mwanangu Deo alikuja likizo hapa kwangu Biharamulo, akitokea Dar es Salaam. Ni mhasibu, ana ndevu, ana mchumba, na kwenye begi lake kubwa, pale ambapo mama mtu nilitegemea kitenge, alikuwa na boksi la mwanasesere. "Shikamoo, mama," akasema, na sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa ameshatoa kitambaa changu mezani. Ndani ya boksi kulikuwa na askari wa plastiki wa nchi za watu, lakini hakuwa mzima. Alikuwa vipande tu, kichwa huku, buti kule, vimening'inia kwenye fremu zake kama ndizi kwenye mkungu. Akishaunganishwa, Deo alinieleza, atakuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Kazi yenyewe ni kukata kila kipande kwa kisu kidogo, kukipiga msasa, kukigandisha kwa gundi, kuziba nyufa kwa puti, kisha kupaka rangi nyepesi nyepesi, moja ikikauka ndipo nyingine ije. Watu wazima wanafanya hivyo duniani kote, akasema, na wanaonyeshana mtandaoni.

Tukapigwa marufuku kufagia karibu na meza. Mimi nilifagia, nyumba ni yangu. Nikaokota mkono wa askari kwenye kizoleo, katikati ya maganda ya maharage, na Deo akaupokea kwa viganja viwili kama anapokea komunyo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikakumbuka jinsi mama yangu alivyokuwa akimcheka kaka yangu kwa jambo hili hili, na kicheko kikaniishia.

Kaka yangu aliitwa Stefano. Wazazi wetu, ambao Kiswahili kwao kilikuwa cha sokoni na kanisani tu, walimwita Sitefano. Yeye ndiye kifungua mimba na mimi ndiye niliyefunga, na waliokuwa kati yetu wote wameshatangulia. Alikuwa amemaliza shule zamani, sauti imeshakuwa nzito, vijana wa umri wake wanatafuta wachumba, na bado kila jioni akitoka shambani alishuka bondeni kuchimba udongo. Mama alikuwa akimwambia, "Wenzako wanajenga nyumba, wewe unajenga watu." Stefano alicheka tu. Alikuwa na kicheko cha puani, hicho nakisikia mpaka leo. Uso ndio sina. Hakuna picha yake hata moja. Mpiga picha alikuwa akija siku za gulio kule Kabanga na kitambaa chake chenye maua, tukasimama wote mbele yake, lakini Stefano aligoma. Alisema picha yake ya kwanza atapiga akiwa amevaa sare ya jeshi.

Sote tulipenda jeshi enzi hizo, tusidanganyane. Nani kati yetu hakukimbia mchakamchaka alfajiri, umande umeloanisha miguu hadi magotini, ufagio mkono mmoja na kuni mkono mwingine? Tulipiga gwaride kwa bunduki za miti mpaka tukasahau kuwa tuna njaa. Tukirudi nyumbani tulikuta muhogo umechomwa majivuni, na maharage yanachemka tangu asubuhi, moshi wake unaingia hata kwenye nguo za kanisani. Wavulana walitaka sisi wasichana tuwe manesi. Mimi nilikataa, na Stefano akanipa ukoplo. Watoto wa leo wakitembea kutoka hapa hadi dukani wanaomba bodaboda.

Mwaka mmoja, Noeli ikikaribia, katekista aliwaomba vijana wafinyange sanamu za kuweka kwenye pango la mtoto Yesu. Wengine wakaleta kondoo waliofanana na viazi. Stefano akasema ataleta askari. Akafunga fito kwa kamba za mgomba zikawa mifupa, akajaza majani makavu ya mgomba yakawa nyama, kisha akapaka udongo wa kichuguu uliokandwa na nyasi zilizokatwakatwa. Nilimsaidia kukanda kwa miguu, na udongo ule ulikuwa baridi, unapanda katikati ya vidole. Kofia ya chuma ilikuwa nusu ya kibuyu. Buti tulizipaka masizi ya chungu. Sare tuliipaka maji ya majani ya maharage tuliyoyaponda, ikapendeza kwa siku chache tu, kisha kijani kikageuka kuwa rangi ya chai. Askari huyo alinifika kifuani.

Uso aliuacha mwisho. Nyumbani hatukuwa na kioo ila kigae kidogo cha baba cha kunyolea, ambacho kilionyesha jicho moja kwa wakati. Stefano akaniambia nifumbe macho. Akachukua vidole vyangu akaviweka usoni pake, kisha usoni pa askari, kisha pake tena. "Anzia puani," alisema. "Niambie wapi tunatofautiana." Nikamwambia pua ya askari imelala, akaiinua. Nikamwambia shavu lako lina mfupa na lake halina, akamwekea mfupa. Alisema mimi ndiye kioo chake. Nilipofumbua macho walikuwa kina Stefano wawili, mmoja ana udongo kwenye nyusi na mwingine ni udongo mtupu.

Kanisani katekista alimzunguka yule askari huku akijikuna kichwa. "Huyu ni askali wa Helode?" akauliza.

"Hapana, mwalimu," Stefano akajibu. "Ni wa kwetu. Wa Herode wakija, watamkuta hapa."

Katekista alifikiri, akaamua askari abaki ila bunduki yake ya mti ifichwe nyuma ya ng'ombe. Basi Noeli ile mtoto Yesu alilindwa na kijana wa Murusagamba, na watu walikuja hata kutoka Kibimba kumtazama. Baada ya sikukuu tulimbeba kwenye machela hadi nyumbani, akasimama barazani chini ya paa la nyasi.

Haukupita muda vita vikazuka kule upande wa Uganda, na Stefano akaenda. Aliondoka kabla jua halijawa kali, kwa miguu, na mama alimfungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani. Alipofika barabarani aligeuka akampigia saluti yule askari wake barazani, sisi tukacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona.

Vita vilipokwisha wengine walirudi. Walipita kwenye malori wakiimba, na mama alisimama njiani akikagua kila lori. Baadaye mtu wa serikali alifika nyumbani, akavua kofia, akamwambia baba kwamba kijana wake hajulikani alipo. Baba alisubiri. Alisubiri mpaka migomba aliyoipanda Stefano ikazaa na kukatwa, ndipo akawaita wazee. Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Unakatwa shina la urefu wa mtu, unafungwa shuka, unasomewa sala, unashushwa kaburini, na watu wanalia wanamaliza. Si mchezo, ni mazishi kabisa. Shimo likachimbwa, mgomba ukakatwa na kufungwa shuka jeupe.

Mama akatoka ndani. Hakupiga kelele. Alisimama kando ya askari wa udongo, akamshika begani, akawauliza wazee, "Mtamzikaje mtu, na yeye amesimama hapa?"

Wazee walimtazama yule askari kwa muda mrefu. Uso ule ulikuwa wa Stefano, hakuna aliyeweza kubisha. Mmoja akachukua jembe lake akaondoka, wengine wakamfuata. Baba alibaki na shimo, hajui la kulifanya, mwishowe akapanda chipukizi la mgomba ndani yake. Tulikula ndizi zake miaka mingi, na baba hakuzigusa hata siku moja.

Tangu hapo yule askari akawa kazi ya mama. Mnakumbuka jinsi mama zetu walivyosiliba nyumba kila Noeli, udongo na samadi kwanza, kisha chokaa juu na udongo mwekundu chini? Mama akishamaliza ukuta alimsiliba na askari. Nyufa alizoziona alizijaza, pua iliyomomonyoka aliijenga tena kwa vidole vyake vinene vya jembe. Alifanya kwa mapenzi yote, na ndivyo alivyompoteza. Kila mwaka pua iliongezeka upana kidogo, mashavu yakajaa, macho yakazama. Mwishowe askari alikuwa na sura ya mtoto mwenye matubwitubwi, na sisi tukacheka mbele ya mama bila kujua tunacheka nini. Yeye alimwona Stefano vile vile. Alipokufa hakukuwa na wa kumsiliba tena. Masika mbili hivi zikapita, nikaenda nyumbani nikakuta fito na nusu ya kibuyu, na kilima kidogo cha udongo ambacho kuku walikuwa wakioga vumbi juu yake.

Hayo yote yalinirudia hapa Biharamulo, kwa sababu ya plastiki ya Deo. Siku moja mchana alikuwa amemaliza sare na buti, kazi safi, siwezi kumnyima sifa, hata tope la kwenye soli alilipaka. Ulibaki uso, mweupe na mtupu, pua nyembamba kama kisu. Nilikuwa nimeshamsimulia habari za mjomba wake. Akanisogezea brashi. "Mama, huyu awe mjomba Stefano. Niambie alikuwaje."

Nikafungua mdomo nimwambie, nikakosa. Nilikuwa na kibuyu, masizi, kicheko, saluti ya barabarani. Nilipotafuta uso niliukuta ule wa matubwitubwi. Nililia mbele ya mwanangu bila aibu. Nilikuwa nimebaki peke yangu niliyemfahamu, na mimi nilikuwa simjui tena.

Deo alipanguza mikono, akanipa donge la ile puti yake. Ni laini, inanuka dawa, si udongo, lakini inakubali kidole. Nikalibandika juu ya uso wa askari, nikafumba macho. Nikaanzia puani. Nikainua pale palipolala, nikateremka, nikatafuta mfupa wa shavu, nikaongeza, nikapunguza. Sikuwa nafikiri. Vidole vilikwenda kama vinavyokwenda kwenye rozari. Nilipofika kwenye kidevu vikasimama vyenyewe, nikajua nimemaliza.

Nilipofumbua macho Deo alikuwa amekunja uso. "Mama," akasema taratibu, "mbona umenifinyanga mimi?"

Nikatazama. Ni kweli, alikuwa yeye, ukitoa ndevu. Sasa sijui. Labda Stefano alikuwa na pua hiyo na akamwachia mpwa wake ambaye hakumwona. Labda vidole vyangu, vilipomkosa wa zamani, vilimchukua wa karibu. Wa kumuuliza hayupo. Baba yuko chini, mama yuko chini, na mgomba ule wa shimoni ulishakufa na kung'olewa. Askari yuko kabatini hapa, kando ya televisheni, amepakwa rangi ya mtu wetu, na wageni wakiuliza nawaambia ni Stefano. Nasema hivyo kwa sauti kavu, wasije wakauliza zaidi.

Sisi hatukuwa na picha, tukashikana nyuso. Vijana hawa wana picha hadi za kichekesho. Simu ya Deo inanionyesha mimi nikila, nikisali, nikisinzia kwenye kiti mdomo wazi. Anasema nisiwe na wasiwasi, zimehifadhiwa mahali zisipopotea. Mama naye alihifadhi chini ya paa, akasiliba kila mwaka.

Jioni kabla hajasafiri nilimwomba aweke simu chini. Akadhani nataka kumwombea safari, akainamisha kichwa. Nikamwambia afumbe macho. Nikachukua mikono yake, bado ina rangi kwenye kucha, nikaiweka usoni pangu. Alianza kucheka, kisha akaacha. Nikamwambia aanzie puani.