Gia za Virginie na Kifungo cha Abdias

Virginie Kahongya wa Vulamba, Butembo, aliwadharau watu wengi, na kila mmoja alijua sababu. Aliwadharau maseremala wanaopaka vernis, yaani vanishi, nene ili kuficha makovu ya patasi. Aliwadharau wateja wanaopima kitanda kwa kukipiga kofi. Lakini waliomkera kuliko wote ni wale waliofikiri kwamba mashine inajua kazi.

Kukereza mbao, yaani kuichonga kwa patasi ikizunguka kwenye mashine, alifundishwa na baba yake huko Lubero, na baba alipokufa alimwachia patasi saba tu. Mashine aliiunda mwenyewe: boriti mbili za mti mgumu wa libuyu, mota ya mazuti, yaani dizeli, iliyotoka kwenye kinu cha kahawa kilichokosa kahawa, na katikati giaboksi ya pickup iliyofia kwenye mteremko wa Alimbongo. Gia ya kwanza ilikuwa ya gogo lenye pembe, ambalo bado linarukaruka. Ya pili na ya tatu zilikuwa za kutoa umbo, ya nne ya kulainisha kwa msasa. Jirani alilalamika kwamba kelele zimewafanya kuku wake waache kutaga. Virginie akamjibu kwamba kuku hao ni wavivu tangu zamani.

Mwaka 1999, vita vikiwa vimeshafunga barabara nyingi, mfanyabiashara Abdias alileta kutoka Dubai mashine ya umeme, ya chuma, rangi ya kijani. Ilikuwa na kifungo: ukikizungusha kidogo, mbao inakwenda polepole, ukikizungusha sana, inakimbia, na namba nyekundu zinaonyesha mizunguko kwa dakika. Wa kuiendesha alikuwa Elysée, mwalimu wa mekanika aliyetumwa kutoka Kisangani, ambaye serikali ilikuwa imemsahau tangu vita vianze.

Wakati huo parokia moja ya Beni ilitaka nguzo ndogo sitini za kizuizi cha roshani ya wanakwaya. Kila fundi apeleke nguzo moja ya mfano. Abdias akamwita Virginie aje aone atakavyoshindwa.

"Kuya uone, Mama," alisema. "Tupa ile boîte yako ya gari. Hapa mwendo, vitesse, ni kugusa tu na kidole."

"Na patasi inashikwa na nani?" aliuliza Virginie. "Na kidole ile ile?"

Elysée alifunga gogo lenye pembe nne, akazungusha kifungo mpaka elfu mbili. Gogo likatetemeka, likachomoka, likatoboa bati la paa. Abdias alijitupa chini. Virginie alibaki amesimama.

"Professeur," alisema, "bale batoto ulifundisha, bangapi bangali na macho?"

Elysée aliona haya, lakini hakununa. Alifunga gogo lingine, akaanza chini, akapandisha mwendo taratibu. Nguzo ilipofikia unene wa kifundo cha mkono ikaanza kutetemeka, kama zinavyotetemeka zote. Elysée akagusa kifungo, akashusha mwendo kidogo tu, na mtetemo ukaisha.

Hapo Virginie akaacha dhihaka. Kwenye mashine yake, kati ya gia ya tatu na ya nne hapakuwa na mwendo wa kati. Ndiyo maana nguzo zake zilibaki na mikunjo midogo, ambayo kwa miaka kumi na tano alikuwa akiifuta kwa msasa na kwa matusi. Alirudi nyumbani bila kuaga.

Padri alichagua nguzo ya Abdias. Lakini kabla kazi haijaanza, askari walioshika mji walipigana na wengine waliotaka kuushika, na walioshindwa wakapora kabla ya kukimbia. Mashine ya kijani waliipakia kwenye lori bila kujua ni ya nini. Walipofika Vulamba, mmoja aliipiga teke giaboksi ya Virginie, akawaambia wenzake kwa Kilingala:

"Tika, eza eloko ya pamba!" Yaani waache, ni kitu cha bure.

Majirani walimshukuru Mungu. Virginie alitoka nje hadi barabarani, akalifuata lori.

"Pamba ni nini? Ile munabeba, mutaipatia umeme wapi? Mutailalia? Bajinga ba bunduki!"

Dada yake Kavira alimvuta kitenge mpaka ndani, akamziba mdomo. Kwa siku mbili Virginie hakula vizuri. Kuporwa angeelewa, alisema. Lakini kudharauliwa na mtu asiyejua hata kufunga kamba za viatu!

Juma lililofuata Elysée alikuja mlangoni na karatasi mkononi.

"Mama Virginie, natafuta kazi."

"Ya kutoboa bati? Iko mengi hapa. Chagua."

Elysée alitandaza karatasi juu ya boriti. Alikuwa amechora magogo mawili marefu yaliyolala sambamba, moja la kuzungushwa na mota, jingine la kuizungusha mbao, na mkanda ukiyazunguka yote mawili.

"Moja iko nene huku, ingine iko nene kule. Mukanda ukikaa hapa, mwendo ni polepole. Unausukuma kidogo, mwendo unaongezeka. Umeme hapana. Lakini kuyakereza ni weye, Mama. Miye siwezi."

Virginie aliinama, akaifuata michoro kwa ukucha.

"Umechora vibaya," alisema. "Mukanda utapanda kwenye unene." Akachukua penseli, akaongeza uma wa mti wa kuushikilia mkanda mahali pake.

Magogo ya kwanza yalipasuka kwa sababu mbao ilikuwa mbichi. Virginie alimlaumu Elysée, ingawa mbao aliichagua mwenyewe. Ya pili yalikubali. Nguzo ilipoanza kutetemeka, Virginie alisukuma uma kwa upana wa kidole, na nguzo ikatulia. Alizima mota, akapitisha kidole gumba juu ya mbao. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja. Elysée alisimama akingoja neno.

"Fagia," alisema Virginie.

Kwa kuwa Abdias hakuwa na mashine tena, parokia iliwapa wao kazi. Nguzo sitini zilikwenda Beni kwa lori, chini ya magunia ya viazi, wao wawili wakiwa juu ya magunia. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari alipekua, akachomoa nguzo mbili.

"Hizi ni nzuri za kuchapa batu," alisema, akiishika moja kwenye ncha yake nene.

Elysée alifumba macho, kwa maana alikwisha kumjua Virginie.

"Shika huku kwenye wembamba," alisema Virginie kutoka juu. "Hata fimbo hujue kushika?"

Askari aliigeuza, akaijaribu hewani, akabaki nazo zote mbili, akafungua njia. Mbili zilizopungua Virginie alizikereza aliporudi, na siku hiyo nzima hakuna mtu aliyethubutu kumsalimia.