Yai la Kafara

Inueni nyuso, enyi mliokabidhiwa watoto, nanyi mliokaa nyuma karibu na mlango sogeeni mbele. Nina neno zito la kuwaambia, na linaanzia kwenye kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, miaka michache baada ya Mapinduzi, tuliishi Kajificheni katika Mji Mkongwe wa Unguja. Tulikuwa watatu katika vyumba viwili vya juu: mimi, mama yangu aliyefua mashuka hospitalini, na bibi yangu Agnesi, aliyemzaa mama. Tulikuwa Wakristo wachache, wajukuu wa watu waliofika kisiwani kutoka Nyasa, na majirani zetu Waislamu walitupenda nasi tukawapenda, kama wapendanavyo watu wachotao maji kwenye bomba moja. Bibi ndiye aliyenifundisha sala. Alinifundisha huku akichambua mchele, na kila nilipokosea neno alinirushia chuya begani.

Mwaka huo miguu yake ilivimba na pumzi zake zikawa fupi. Nilikuwa ngazini nilipomsikia daktari akimwambia mama kwamba moyo umechoka na hakuna dawa ya kuurudishia ujana. Mama alilia. Bibi alipoambiwa alisema tu, "Baba yangu ananiita. Naam, nnakuja," kama binti aliyeitwa kutoka uani. Jibu hilo lilinikasirisha kuliko maradhi yenyewe. Nilimwona amekubali kutuacha bila hata kulalamika.

Rafiki yangu Zuwena, binti wa nyumba ya chini, ndiye aliyenipa shauri tulipokuwa barazani.

"Mtu akiumwa sana hutolewa kafara," alisema. "Unachukua yai, unamzungushia kichwani mara saba, unaliacha njia panda. Atakayeliokota anaondoka na ugonjwa. Ila usimwambie baba, atanitia bakora. Anasema hayamo katika dini yetu."

"Wala yetu," nikamjibu.

"Basi tuko sawa," akasema, tukacheka.

Yai lilikuwepo, moja tu. Mama mmoja wa kanisani aliyefuga kuku mtaa wa Mpendae alikuwa amemletea Bibi, na katika miaka ile ya foleni za mchele na unga, yai lilikuwa zawadi ya kifalme. Alasiri, Bibi akiwa amefumba macho, nililichora msalaba kwa mkaa, nikidhani kwamba msalaba ungelitakasa jambo lenyewe. Nikaanza kumzungushia. Kwa kuwa sikujua maneno ya kafara, nikanong'ona Baba Yetu. Nilipofika mahali pa kumwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe, nikaruka. Niliyaogopa mapenzi hayo. Nikaenda moja kwa moja kwenye mkate wa kila siku.

Kisha nikakimbia hadi vinapokutana vichochoro vitatu, nikaliweka yai chini ya ukuta, nikarudi bila kutazama nyuma.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, macho wazi.

"Marta."

"Naam, Bibi."

"Umeruka mstari."

Akatazama mikono yangu mitupu.

"Na yai langu liko wapi? Nilidhani unakwenda kunipikia, kumbe unanizungushia kama inzi."

Nilimweleza yote nikilia, nikingoja kofi. Kofi halikuja. Aliuliza jambo moja tu: "Na huyo atakayeliokota, mjukuu wangu, umemchagua nani?"

Wapendwa, sikuwa nimemchagua mtu. Sikuwa nimemwona kabisa. Katika mapenzi yangu yote kwa Bibi hamkuwa na nafasi hata ya kukumbuka kwamba njia panda ni mahali wanapopita watoto wa watu.

Nilishuka mbio. Yai halikuwepo. Zuwena alikuwa amesimama pale, uso umemsawijika.

"Kombo kalichukua," alisema. "Nimemwambia aliache, akanitolea ulimi."

Kombo alikuwa mtoto wa miaka mitano, yatima aliyelelewa na babu yake, Mzee Faraji, hamali wa bandarini. Walikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu, na siku nyingine moshi haukuonekana kwao.

"Nipe kanga yangu," Bibi alisema nilipomletea habari. "Na sufuria ya wali, ichukue."

Ule ulikuwa wali wetu wa jioni. Mama alikuwa kazini, nami sikuwa na ubavu wa kumkataza. Aliteremka ngazi akipumzika kila daraja, mkono wake ukinielemea begani, pumzi zikimlia kifuani kama karatasi inayokunjwa.

"Hodi."

"Karibu. Lo! Bi Agnesi! Umefufuka?"

"Bado, Mzee Faraji. Siku hiyo inakuja. Leo nimefuata yai."

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Marahaba. Yai gani? Huyu Kombo kaniambia kapewa."

Yai lilikuwa limekwisha kuiva sufuriani mwake. Nilipoungama, mzee aliondoa mkono wake kwenye sufuria kana kwamba ameungua. Kombo akaanza kupiga kelele: "Nshalishika! Babu, nshalishika! Ntakufa?"

Kilio kile sijakisahau. Mimi ndiye niliyekitia kinywani mwake.

Bibi aliketi juu ya gunia, akamvuta Kombo magotini. "Yai hili la nani?"

"Lako."

"Na miguu hii mibaya ya nani?"

"Yako."

"Basi cha mtu apewe mwenyewe. Lete chumvi."

Akalimenya, akalila lote mbele yetu, polepole, akalamba na vidole. Kombo alimtazama mdomo wazi.

"Yai ni yai tu," Bibi alisema. "Halina maradhi ndani yake. Lakini kama mnadhani yamo, basi nshayala. Bwana wangu kule bustanini aliomba kikombe cha mateso kimwepuke. Hakuomba apewe Petro."

Mzee Faraji alitikisa kichwa. "Kweli tupu, Bi Agnesi. Kadari ya mtu haihamishwi kwa yai."

Wali wetu ukapakuliwa katika sinia moja, nasi tukala, na Zuwena naye akaitwa.

Tulipokuwa tukipanda ngazi, Bibi alinitaka nisali kwa sauti, kila daraja maneno machache. Nilipofika pale nilipopakimbia, nikanyamaza. Akaketi kwenye daraja.

"Tutalala hapa mpaka useme."

"Sitaki, Bibi. Sitaki ufe."

"Hata Yeye hakutaka. Alitoka jasho kama damu. Sema hivyo hivyo, na kutotaka kwako ndani yake."

Nikasema, kwa hasira, machozi yakiingia mdomoni. Akanipangusa kwa ncha ya kanga. "Amesikia," alisema. "Hakukutaka uimbe."

Hakuumaliza mwezi. Alikufa asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wangu, kwa sababu alikataa nipelekwe kwa jirani. Mzee Faraji alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na Kombo, mzima wa afya, alisimama kando yangu akinyonya kidole.

Sasa nimeufikia umri wa Bibi, na ninafundisha watoto wa wengine. Ninajua kwamba hakunifundisha kuwa jiwe. Alinifundisha kuomba kwa nguvu zote, kulia bila aibu, kisha kuiachia mikono ya Mungu kazi isiyo yangu. Anayekataa kumwachia Mungu atatafuta mtu wa kumtwika, na mtu huyo daima huwa dhaifu kuliko yeye.

Nawe unayenisikia, ambaye mwanao ameugua ukaenda kwa mganga kutajiwa jina la aliyemroga, ukarudi na jina la jirani, ukaacha kumwitikia salamu mama wa watu: watoto wako wameona. Wamekwisha kujifunza dini yako halisi. Tubu leo. Kabla ya chakula cha jioni, mshike mwanao mkono, mwende mkagonge mlango ule, ukaombe radhi kwa sauti ambayo mwanao ataisikia.