Mwenzangu wa Glavu Nyeusi

Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi, amalize, kisha anisikilize. Shule niliishia darasa la tatu, lakini macho yangu mazima na akili zangu ninazo. Haya yalinipata hapa Jeddah, mtaa wa Aziziya, ndani ya nyumba niliyoifagia miaka kumi na saba, tena mchana, jua likiwa utosini. Usiseme niliota.

Madam wangu ana moyo wa kutoa. Kila Alhamisi baada ya alasiri hutufungulia majlisi yake, sebule ya wageni, wanawake wa mtaani na sisi wafanyakazi wao, tukakaa zulia moja tukafuma. Watu huleta magunia ya nyuzi za sadaka: mabonge yaliyobaki, masweta makuukuu ya kufumuliwa. Sisi tunatoa kofia, soksi na mashali ya watu wanaolala kwenye mahema katika baridi. Uzi wa sweta kuukuu hutoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Lazima uuoshe, uutundike, uufungie chupa ya maji chini mpaka unyooke. Nani aliwafundisha hilo? Mimi. Na nasema bila haya, hapakuwa na mkono kama wangu pale. Madam alikuwa akiinua kazi yangu juu, "Shufu, tazameni, hii ya mama!" Nami nainamisha kichwa kama sikusikia, na nimesikia vizuri sana.

Basi msimu huo akatangaza kwamba mzigo utakabidhiwa Riyadh, na mwenye shali bora ataandamana naye kwa ndege. Moyo uliniruka. Riyadh, huko Olaya, ndiko anakosafisha maofisi mjukuu wangu Riziki, niliyemlea kwa mikono hii tangu mamake alipofariki. Tuko nchi moja, na miaka mitatu hatujaonana ila kwenye simu. Yeye ruhusa hapati, na mimi kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, hawezi kuniachia nizurure peke yangu. Shali ndiyo njia yangu. Nikaanza la kijani, na kila kitanzi nikakitilia jina la Riziki.

Alhamisi iliyofuata nikamkuta yule mwanamke ameshakaa, pale kwenye magunia. Mtu mzima kama mimi, buibui jeusi, na mikononi ana glavu nyeusi. Alisema anafanya kazi mtaa wa Al-Hamra, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu Mombasa hasa. Kila mmoja wetu alidhani kaja na mwenzake.

Sasa nikuulize, umewahi kuona mtu akifuma na glavu? Vitanzi si vitateleza? Havikuteleza. Sindano zilikwenda zenyewe, na yeye hatazami kazi, ananitazama mimi. Shali lake la kahawia, la uzi uleule wa magunia, lililala laini kama manyoya ya paka. Madam akaliinua. Akaliinua tena. Langu akalipita kama tambara la jikoni.

Wivu, wacha tu.

"Shosho, punguza macho," akanong'ona Mercy, msichana wa Kitale anayefanya kazi nyumba ya jirani. "Utachoma shali ya watu."

"Anafuma na glavu! Ana upele huyo."

"Hata kama. Leo umepatana na mwenzako, shosho, kubali tu yaishe."

Kumbe yule mwanamke amesikia. "Somo," akaniita, "usinichukie. Sote tunawafumia wenye baridi."

"Mimi si somo yako. Jina langu hulijui."

"Nalijua," akasema, na sindano zake hazikusimama.

Akaondoka, shali akaliacha kikapuni kama sote tulivyoacha kazi zetu ambazo hazijaisha. Langu mimi nililala nalo chumbani. Alhamisi ya pili ndiyo ya kuchagua. Jumatano, baada ya adhuhuri, nyumba nzima imelala, nikajifungia majlisini, ufunguo nikautia mfukoni. Nilijiambia nitafumua mistari kumi tu ya shali lake, lionekane bovu. Nikashika ncha, nikavuta.

Niamini, sikuwahi kuvuta uzi kama ule. Ulikuwa wa moto, kama umetoka kifuani mwa mtu, na ulinyooka bila chupa. Kumi ikapita. Nikaendelea. Kila kitanzi kilichoachia kilinipoza roho, nikaona utamu, mkono ukawa unavuta wenyewe. Nikaja kutazama mapajani: uzi uliojaa pale ni wa kijani. Lile shali la kahawia limekaa kikapuni vilevile, halijapungua hata kitanzi.

"Fumua, somo. Umebakisha kidogo."

Amesimama ndani, mbele ya mlango nilioufunga mwenyewe. Akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. Ee Mola wangu! Ilikuwa mikono yangu. Kidole cha shahada cha kushoto kimepinda, kama changu nilichovunja utotoni. Kovu la samli juu ya kifundo, nililolipata katika jiko la nyumba hiihii. Akaishika mikono yangu kwa ile yake. Yake ya moto kama mkate unaotoka tanuri. Yangu ikaganda.

"Salamu zako nitazifikisha," akasema. Akaniwekea glavu mapajani, akachukua shali lake. Sikuona mlango ukifunguka.

Nikakimbilia chumbani. Kitandani kwangu palikuwa na sindano mbili tupu.

Alhamisi sikuwa na cha kuonyesha. Madam akanitazama kwa huruma, huruma niichukiayo. "Halas, mama, basi. Mwaka ujao, inshallah." Akaenda na jirani.

Siku ya tatu Riziki akapiga simu, analia na kucheka pamoja. "Bibi, mbona uliondoka upesi vile? Hata chai hukumaliza! Shali limenienea, bibi. Na mikono yako bado ya moto, kama ulivyokuwa ukinishika nikiugua."

Akanitumia picha. Amekaa kwenye benchi nje ya stesheni ya metro, kavaa shali la kahawia, meno yote nje. Begani kwake kuna mkono. Kidole cha shahada kimepinda.

Wewe ungemjibu nini?

"Ndege ilitaka kuniacha, mwanangu," nikamwambia.

Tangu siku hiyo mikono yangu ni barafu, na unajua joto la Jeddah lilivyo. Navaa zile glavu nikipika, nikilala. Nikishika sindano vitanzi vinaanguka. Nilizoea kuwaonea watu wivu kwa mashali. Leo namwonea wivu aliyekwenda kumshika mjukuu wangu kwa mikono yangu, na Riziki kila akipiga anauliza, "Bibi, utakuja lini tena kama siku ile?"

Kwa hiyo nakuonya. Ukikaa na mtu anayekushinda kazi, msifu, hata kama roho inauma, kisha tazama kazi yako. Usiguse uzi wa mwenzako na kinyongo. Na ukipita Olaya ukamwona msichana amejifunga shali la kahawia, anakusimulia kwamba bibi yake alimtembelea, nakuomba, usimwambie.